Balbu ya Kijani

Chini ya jengo letu la mawe meusi, hapa Gyumri,
nina chumba kisicho dirisha, zamani stoo ya viazi.
Viazi vimebaki vichache, pembeni, vimeota macho.
Kwingine kote ni waya.

Kompyuta kumi na moja, wala hakuna hata moja nzima.
Hii ina moyo, haina feni.
Ile feni yake inakoroma kama mtu aliyelala chali,
lakini kumbukumbu imeliwa na unyevu.
Nachukua kwa huyu nampa yule,
na yule akiamka nashangilia
kama vile sijamuua mwenzake.

Arpenik, mke wangu, huteremka na bakuli la supu,
husimama mlangoni kwa kukosa pa kukanyaga.
"Hicho nacho nini?"
Ubao mama, namwambia.
"Basi una mama wawili," anasema,
"na mmoja yuko ghorofa ya nne,
hujamwona tangu Jumapili."

Neno lile likanikaa kama skrubu iliyolika kichwa:
haiingii, haitoki.

Mama hapendi kujuliwa hali.
Ukimpigia simu, anauliza nani kafa.
Ukipanda ngazi, anakulisha mpaka usahau ulilojia.
Nikakesha mara tatu na pasi ya kulehemu,
moshi ukinukia utomvu wa msonobari,
mikono ya miaka hamsini na miwili ikitetemeka
juu ya kijiguu cha chuma chembamba kuliko cha siafu.
Nikaunguza kidole.
Nikageuza chanya na hasi, kosa la mtoto,
kitu kikapasuka pah! paka akahama.

Kidude chenyewe ni sawa na kiberiti.
Hakina jicho, hakina sikio.
Kinakaa nyuma ya jiko lake la umeme,
naye akiwasha atie kahawa,
huku chini balbu ya kijani inawaka.
Nilimwambia ni cha kuzuia moto.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, asubuhi ya kwanza,
iliwaka. Dakika nne. Ikazimika.
Kahawa imefura, nikasema, ameiwahi.
Nilikuwa nimevaa soksi moja.

Baridi yote nikamsoma mama kwa umeme.
Ikiwaka mara mbili, amepata mgeni, labda Seda wa jirani.
Usiku mmoja iliwaka saa tisa,
tarehe ile aliyotutoka baba.
Sikupanda. Nilikaa nayo mpaka ikazimika.

Kisha Februari, theluji magotini,
saa kumi na mbili na dakika arobaini,
giza.
Saa moja, giza.
Aibu yangu naisema: nilikagua ruta kwanza,
nikakagua msimbo, mstari kwa mstari,
ndipo nikamkumbuka mtu.

Ngazi sabini na mbili, na ndara.

Alifungua na unga mikononi.
Kidude kilikuwa mezani, tumbo wazi,
skrubu zimepangwa kwenye kisosi, ndogo kwa kubwa,
kando yake bisibisi yangu niliyoitafuta tangu vuli.

"Kilikuwa kinalia usiku kucha, wiii, kama mbu.
Hapa ulilehemu ovyo, pameachia.
Miaka kumi na tisa nilifunga mota kiwandani, Vardges,
unaniletea kazi hii?"

Nikaanza habari za moto.
"Moto gani? Ile saa tisa ya usiku,
unadhani kulikuwa na kahawa?
Niliwasha jiko tupu.
Nilijua uko macho."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na theluji kwenye ndara.

"Lete pasi yako."
Nikateremka, nikapanda.
Akavaa miwani, akavuta pumzi,
na ule mkono wa miaka sabini na nane
haukutikisika hata kidogo.
Tone moja la risasi, linang'aa.
Akarudisha kila kitu mahali pake,
akawasha jiko.

Huko chini, kati ya viazi,
balbu iliwaka,
na hapakuwa na mtu wa kuiona.