Kidato cha Kwanza

Ofisi yetu iko juu ya duka la mbolea, Kisumu,
unapanda ngazi ya chuma iliyo nje ya ukuta.
Kidato cha chini kimelegea tangu mwaka juzi.
Wateja hukiruka. Nami hukiruka.

Alhamisi akaja mzee Ogweno, fundi wa kuchomelea, Kibuye,
mikono imetapakaa alama za cheche kama mtama uliomwagika.
Akahesabu noti juu ya meza yangu,
nyingine zinanuka grisi.
"Nipe ule mtihani mkubwa,
ule aliofanya binti ya Nyangweso, yule nesi.
Kusoma, kuandika, kusikiliza, kunena. Vyote vinne."

Nikauliza anakwenda wapi.
Kwa mkewe. Dorina analea vikongwe Lesta,
mwaka wa tano sasa.
Jioni hupigiana simu ya picha:
huyu anaonyeshwa theluji, yule anaonyeshwa kuku.

Nikatoa karatasi ya viwango.
Kidole changu kikashuka, kikampita nesi,
kikampita mwanafunzi wa chuo kikuu
na msichana wa mapokezi ya hoteli,
kikatua chini kabisa:
dakika chache, mtu na mtu,
unaitwa nani, unakaa wapi, unapenda kula nini.
"Huu ndio unaotakiwa. Na bei yake ni nusu."

Akanyamaza. Huko chini mtu alikuwa akibishania gunia.
"Huu ni wa watoto."
"Si wa watoto, baba. Ni wa wanaoanza."
"Nianze leo? Nina miaka hamsini na minane."

Nilikuwa na maneno yangu ya kila siku:
kwamba kiatu hununuliwa kwa mguu, si kwa dirisha la duka;
kwamba yupo fundi wa meno kutoka Mumias
aliyeuza ndama watatu akifeli mtihani ule ule mkubwa,
ndama mmoja kila safari.
Nikayasema. Yakaanguka mezani kama sarafu zisizotumika tena.

Nyuma yangu, ukutani, cheti changu cha juu kabisa
kimegeuka rangi ya chai.
Kimenifikisha hapa, kwenye kiti hiki,
kujaza fomu za wanaoondoka.
Alikitazama. Sikugeuka.

"Kiingereza nilikiacha darasa la saba," akasema.
"Mwaka ule baba alikufa, karo ikawa jeneza.
Wenzangu wakaingia kidato cha kwanza.
Mimi nikaingia jua kali."

Watu husema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Huyu ameinama miaka arobaini
juu ya mageti ya watu wengine.
Nikakosa la kumwambia.

Akaivuta ile karatasi, akafumba jicho moja,
akapima nafasi kati ya mstari na mstari.
"Hii ni ngazi."
"Ndiyo."
"Ngazi nimeunda mimi, hazipungui mia mbili.
Unajua mtu huanguka wapi? Si juu. Juu anashikilia.
Ni hapa."
Kidole chake, chini kabisa.
Akarudisha nusu ya noti mfukoni
na akaandika jina lake kwa herufi kubwa,
akikandamiza kalamu hadi likatokea karatasi ya pili.

Jumamosi nilisikia mngurumo nikadhani ni nyaya za stima.
Kumbe ni yeye, amepiga magoti, miwani nyeusi usoni,
anachomelea kidato chetu, hakuitwa, hakulipwa,
cheche zinarukia maji ya mtaro.
Akazima mashine. Akakigonga nyundo mara mbili,
akakisimamia kwa miguu yote miwili,
kisha akanena kwa Kiingereza, neno kwa neno,
kama fundi anayetoa misumari kinywani, mmoja mmoja:
Hiki ni kidato. Ni cha kwanza.
Nilikitengeneza kesho.

Sikumsahihisha.
Nikashuka kukikanyaga.