Kabla ya Kuipeleka Kituoni

Natandika gazeti mezani, kama ulivyotandika.
Natoa magazini kwanza. Kisha chemba: natazama,
naingiza kidole, natazama tena.
"Jicho lina haraka," ulisema, "kidole hakina."

Risasi saba. Nazipanga kwenye kisosi.

Miaka kumi na tisa ililala kiunoni mwako, upande wa figo,
ukinunua mahindi Kibaigwa, noti zimefungwa kwenye soksi,
na hakuna dalali aliyejua kwa nini
hukuchomekea shati hata kanisani.

Jasho lako lilikula chuma: hapa, karibu na mpini,
kutu ndogo kama punje ya uwele.
Na vumbi letu halibishi hodi;
limeingia kwenye springi, kwenye unga, kwenye Biblia.
Nasukuma mtutuni kipande cha fulana yako.
Kinatoka kijivu. Cha pili, kijivu kidogo.
Cha tatu, cheupe.

Mafuta, tone moja.
Mama aliwahi kuipaka ya alizeti, akidhani anakusaidia;
ukacheka hadi ukakohoa,
usiku mzima ukaifungua upya.

Msibani mjomba Chilewa alininong'oneza:
"Aliwahi kumpiga mtu?"
Kitabu cha leseni kinasema saba zilinunuliwa.
Saba ziko kisosini.

Kesho, Kongwa, Inspekta Ndahani atazihesabu,
atanusa mtutu, atatia sahihi.

Nimenawa mara mbili kwa sabuni ya mche.
Vidole bado vinanuka
ile harufu niliyodhani, utotoni,
ni ya ngozi yako.