Mara ya Tatu

Barua ina mistari minne.
Wa tatu ndio unaouma:
"Hutaruhusiwa kurudia mtihani."

Nimeikunja, nikaichomeka ndani ya kofia ngumu,
nikapanda hadi ghorofa ya sita, Kariakoo,
Mwakalobo ananingoja amwage zege.

Nikapima nondo. Pale kwenye kona zimeachana mno.
"Fungua, ufunge upya."
Akafunga. Nikakataa. Akafunga tena,
mara ya nne, ya tano,
wala hakuna aliyemhesabia.

Mchemraba wa zege hulazwa majini siku ishirini na nane,
ndipo huvunjwa
ijulikane ungebeba kiasi gani.

Mchoro atausaini Lukresia,
niliyemfundisha kusoma mizani hapa hapa, juzi tu.
Ana muhuri.

Haya, Mwakalobo, mwaga.
Taratibu kwenye kona.