Mbayuwayu wa Mtaa wa Kasulu

Herufi ishirini tu. Mistari minne, kila mmoja tano,
zimelala mezani kwangu tangu Januari
kama punje za mchele zinazongoja kuchambuliwa.
Aliyeziandika hakuacha jina. Aliacha mto,
dari ya nyumba, mlango, na mtu anayengoja barua.
Herufi ya kwanza ndiyo iliyonishinda.

Niandike masika? Msomaji wangu wa Jangwani
ataona godoro likielea,
ataona alama ya maji ukutani, juu ya kimo cha mtoto.
Niandike vuli? Mvua ya kubahatisha,
hupiga hodi na haiingii.
Demani? Neno zuri, lina upepo mpole ndani yake,
lakini halijui baridi ya kuuma,
halijawahi kutoka chini ya theluji.
Kipupwe, hapana.
Kamusi inasema majira ya kuchipua:
maneno matatu kwa herufi moja,
kama kumwita mtoto mchanga kwa cheo cha ofisini.

Mwezi wa pili nikaenda Kariakoo kwa Guo, muuza mabegi na ndala.
Alikuwa ameibandika herufi yenyewe mlangoni,
nyeusi juu ya karatasi nyekundu.
Jasho lilimtiririka; feni iligeuza joto tu, kama chapati.
Nikamwuliza: kwenu huwa inafikaje?
Akapunguza redio. Akafikiri.
"Usiku," akasema. "Unasikia mto unavunjika,
kama mtu anakanyaga vigae. Bibi yangu alikuwa anaamka,
anateleka chai."
Kisha akaniuzia begi la shule
kwa bei ileile ya juzi.

Mto unavunjika.
Nilitembea na maneno hayo hadi Ilala
nikakuta umeme umekatika tangu saa nne.
Siwema wa chumba cha tatu alikuwa amefungua friza,
amesimama mbele yake kama mbele ya jeneza:
barafu za ukwaju, barafu za ubuyu, mia mbili na arobaini,
zikilainika ndani ya vifuko vyake.
Tone. Tone. Halafu mkondo mwekundu
ukapita koridoni, ukavuka kizingiti, ukaingia barabarani.
"Imeyeyuka yote," akasema.
Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta kalamu.

Wakaitwa watoto wa nyumba nzima. Wakanywa bure,
wekundu hadi kidevuni.
Siwema alihesabu hasara kwa vidole, akaacha kuhesabu,
akacheka mara moja, cheko fupi la hasira.
Labda ndivyo. Labda kila mto unapovunjika
yupo mtu ng'ambo aliyekuwa akiishi kwa barafu,
na hakuna aliyemwandikia shairi.

Mstari wa tatu: mbayuwayu wamerudi kwenye dari ya kale.
Huo niliutafsiri siku ya kwanza, bila kufikiri.
Leo alfajiri, mwezi wa tatu ukingoni,
nimetoka uani na mswaki mdomoni
nikawaona juu ya nyaya, ambazo leo tena hazina umeme.
Mia, au zaidi. Mikia kama mikasi.
Walikuwa wakibishana kama abiria wasioafikiana saa.
Miezi yote walikuwa hapa, wakila mbu wetu,
wakinywa kwenye madimbwi ya bomba lililopasuka,
na sikuwahi kuwauliza kwao wapi.
Kisha nyaya zikatikisika,
zikabaki tupu.

Huko mtu atainua uso kutoka kwenye barua isiyofika,
atasema: wamekuja.
Atapaka wino.
Hatajua kwamba kuja kwao kuna uani,
kuna mtu na povu la dawa ya meno.

Nimeifuta herufi ya kwanza. Nimeacha nafasi
yenye urefu wa waya mtupu,
nikaanzia pale nilipodhani nimemaliza:
mbayuwayu wameaga Ilala.

Siwema ananiuliza naandika nini tangu Januari.
"Habari za majira," nikamjibu. "Kuna ndege wamesafiri leo."
Akaitazama friza.
"Ungewauliza basi," akasema, "huo umeme unarudi lini."