Toa Juu

Ni maneno mawili tu: toa, kisha juu.
Kila moja peke yake halina makuu.
Toa mkono mfukoni. Birika liko juu ya jiko.
Yafunge pamoja kwa Kiingereza
na kamusi inahitaji nusu ukurasa kuyatuliza.
Rasa ameyapigia mstari kwa wanja;
penseli imebaki kiwandani, kwenye koti la plastiki
lenye harufu ya chewa.

Mtihani ni Alhamisi. Mwalimu kasema:
msikariri. Tegeni masikio,
Grimsby nzima inafundisha bure.

Basi Rasa akatega.

Jumatatu, kwenye mkanda wa minofu,
Keith msimamizi anatafuna chingamu kama ana ugomvi nayo.
Ametoa juu sigara, anasema, leo siku ya kumi na moja.
Yaani ameacha. Ametupa jongoo na mti wake,
ingawa mti, nadhani, kauficha nyuma ya kabati.

Ndani ya basi, mvua ikipiga ubavuni,
kijana mwenye pete puani anamtolea juu kiti
mama mwenye mkongojo.
Hapa hakuna aliyeshindwa. Ni kupisha.
Kijana anabaki kaning'inia, anaichekea simu yake.

Na yule mtoto wa kinyozi, aliyevunja kioo cha duka la mikate,
kajitoa juu mwenyewe kituoni,
mama yake kamshika sikio njia nzima.
Kujisalimisha, Rasa anaandika.
Halafu anajiuliza: na sikio,
nalo limo ndani ya kitenzi?

Kwa Enid, anakopanga chumba cha ghorofani,
boila imetoa juu tangu Jumapili.
Boila! Chuma kitupu, nacho kinakata tamaa.
Wanakula na makoti mwilini,
na kitukuu, Tilly, anawategea fumbo:
kina meno, lakini hakili.
Rasa anataja msumeno.
Enid anamtaja shemeji yake Cyril.
Mnatoa juu? Tunatoa juu.
Kitana!
Sisi tungetoa mji.
Tungempa mtoto mji mzima, na soko lake, na bandari yake,
autawale kwanza, atucheke,
ndipo atufumbulie.

Daftari linajaa:
kuacha, kupisha, kujisalimisha, kuharibika,
kunyosha mikono, kubwaga manyanga.
Chini anaacha nafasi ya mstari mmoja.
Hajui kwa nini.

Jumatano usiku Enid anapiga pasi shati la kiume.
Kola kwanza, kisha kifuani,
ncha ya pasi ikivizunguka vifungo
kama mtu anayepita kitandani pa aliyelala.
Meli ya Walter ilikwenda kaskazini, Januari,
barafu ikipanda kwenye kamba.
Wiki ya tatu kampuni ikatuma mtu, kofia mkononi.
Walimtoa juu, anasema Enid.
Kampuni. Kasisi. Mama yake mzazi.
Yaani walimhesabu na wafu, wakaacha kuuliza.
Rasa anangoja amalizie: na mimi pia.
Enid anageuza shati, anaanza mkono wa pili.
Miaka hamsini na mitatu.
Kitambaa kimekonda hata unauona ubao chini yake.

Swali la sita: tumia kitenzi hiki
katika sentensi yako mwenyewe.
Dirisha limeshika ukungu.
Maana zote zimefika kwa pamoja,
zinasukumana mlangoni mwa kichwa chake,
Keith na chingamu, kijana na pete, sikio, boila, kitana.
Rasa anaandika, anafuta. Karatasi inatoka manyoya.
Anaandika:

Enid, bado.

Sifuri.
Pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko wa haraka:
Kitenzi kiko wapi?