Kifaa Kinatumika

Saa tano usiku, Tartu. Theluji inagonga dirisha
bila kungoja karibu.
Kazi ya dakika tatu, ndivyo nilivyomwambia mume wangu:
kuitua diski moja kutoka kwenye seva
iliyoko Frankfurt, ndani ya jengo nisilowahi kulitia machoni,
niitwike seva mpya, nirudi kabla supu haijapoa.

Gigabaiti mia nane za sauti.
Wazee wa Kihnu wakihesabu kondoo,
wakikohoa, wakiuliza kama kinasa kinasikia.
Mbwa wa mtu anabweka mwaka wa sitini na mbili
na hajanyamaza.

Naandika amri. Narudishiwa:
kifaa kinatumika.

Njia ya mkato naijua. Kuna herufi moja,
ukiiongeza mlango unang'oka na bawaba zake,
aliyemo ndani atajijua.
Nilifanya hivyo mara moja, Narva, nikiwa mgeni kazini.
Rejista za shule zilikatika katikati ya majina;
kilichokuwa kinywani hakikuwahi kufika tumboni.
Ndipo nikajua mashine nayo hutafuna kabla ya kumeza.

Basi nauliza: nani yumo?
Mstari mmoja. Faili 0417.
Mtumiaji: heino.

Napanda hadi ghorofa ya tatu.
Heino Vaarmets, amestaafu tangu Juni
na hakuna aliyekumbuka kufuta nywila yake,
ameketi na koti lake, vipokea sauti masikioni,
anautazama ukuta.
Ananiinulia kidole: ngoja.

Nangoja.
Anatikisa kichwa, anamwitikia mtu
ambaye mimi simsikii.
Kisha anavivua. "Mama," anasema.
"Anaeleza jinsi ya kukanda mkate wa shayiri nyeusi.
Mwishoni ananifukuza jikoni. Nina miaka sita hapo."
Anaifunga faili kwa mkono wake. Siongezi neno.

Chini, narudia amri.
Kifaa kinatumika.

Nani tena?
Mstari mmoja, na jina ni langu.
Tangu saa mbili nimesimama ndani ya saraka ileile,
nimeketi kizingitini
nawaambia wenzangu watoke.

Herufi mbili, nafasi, mkwaju: natoka hadi kwenye mzizi.
Naiacha kumbukumbu imeze yote iliyonayo mdomoni.
Naitua, taratibu, kama unavyomtua mtu mtungi,
mikono miwili, macho kwenye maji.

Safari hii hakuna jibu.
Katika kazi yetu kimya ndicho ndiyo.

Nafuta mstari wake kwenye orodha ya kuamkia,
seva isije ikazinduka kesho ikamwita aliyekwisha hama.
Kisha, ndipo tu, nabofya: tenganisha.

Heino anashuka, kofia mkononi.
Anauliza kama huko waendako kuna mlango.
Namwandikia anwani mpya nyuma ya risiti ya maziwa.

Kufuta nywila yake nako ni kazi ya dakika tatu.
Supu imeshapoa. Nazima taa.