Kwato ya Kushoto

Daktari Wabuyi,
hukushuka hata kwenye pikipiki.
Ulimchoma sindano ya shingo
injini bado inanguruma,
ukaandika risiti juu ya tangi la mafuta:
elfu arobaini.
Mguu hukuushika.

Nilikwambia ni kwato ya kushoto, ya mbele,
tangu ule mteremko wa Suam, mvua imenyesha,
magunia mawili ya viazi mgongoni.
Mzigo ulifika, kama methali ilivyotaka.
Ukacheka: punda hafi kwa kuchechemea.

Usiku wa nne harufu ikaingia jikoni.
Mwanangu Chesang alishika kurunzi
na kile kisu cha kumenyea ndizi.
Nikamlalia Mateke shingoni, nikimnong'oneza upuuzi,
Mateke, ambaye hajampiga mtu teke maisha yake yote.
Ukatoka usaha. Ukatoka tena.
Kisha msumari wa mabati,
na kofia yake.

Leo amesimama kwa miguu mitatu na nusu,
anakula maganda, hanitazami.

Msumari nimeufunga ndani ya risiti yako.
Siku ya soko nitapita ofisini, Bukwo.
Pesa kaa nazo.
Nyoosha mkono tu,
uushike.